Barua ya wazi: Kemia ya maandalizi ianze kabla ya semista ya kwanza katika vyuo vya afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Na kwa wakuu wa vyuo vya afya vya umma na vya binafsi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha afya kilichopo Kanda ya Ziwa. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiwapokea vijana waliotoka kidato cha nne na kuanza ngazi ya nne ya tuzo za ufundi (mwaka wa kwanza wa cheti), wale ambao baada ya miaka mitatu huitwa maafisa tabibu, wauguzi, wateknolojia wa dawa na wateknolojia wa maabara. Ninaandika kuomba jambo moja: kila mwanafunzi anayeingia katika vyuo hivi akiwa na ufaulu hafifu wa Kemia apewe kozi kamili ya maandalizi ya wiki kumi, yenye ratiba, mkufunzi na vitendo, kabla ya kuanza semista ya kwanza.

Niruhusuni nianze na kikombe kimoja cha klorini. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike, mwenye bidii ambayo kila mkufunzi angependa kuiona darasani, alitumwa kuandaa maji ya klorini ya asilimia 0.5 ya kuloweka vifaa vilivyotumika. Alikuwa amezoea klorini ya maji ya asilimia 3.5, ile ya kwenye chupa, na alikuwa amekariri kama wanavyokariri wenzake wote: moja kwa sita, yaani kikombe kimoja cha klorini kwa vikombe sita vya maji. Siku hiyo chupa zilikuwa zimekwisha. Alichokikuta stoo ni kopo la chembechembe za klorini zenye nguvu ya asilimia 70. Akachota kikombe kimoja cha chembechembe, akamimina juu yake vikombe sita vya maji, akaanza kukoroga. Lilitoka tope jeupe zito, na harufu yake ikatujia machoni na kooni kabla hatujafika mlangoni. Tulifungua madirisha yote, tukamtoa nje, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyedhurika. Nilipomuuliza alichokuwa anafikiri, alinijibu kwa mshangao wa kweli: "Mwalimu, si ni moja kwa sita?"

Kipimo sahihi kilikuwa gramu saba tu za chembechembe kwa lita moja ya maji, ambazo ni kama nusu ya kijiko cha chakula. Binti yule hakuwa mvivu wala msahaulifu, na kwa kweli alikumbuka vizuri mno. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza ile sita inatoka wapi: kwamba 3.5 ukiigawa kwa 0.5 unapata 7, na katika mafungu hayo saba moja ni la klorini yenyewe, hivyo yanabaki sita ya maji. Angeonyeshwa hilo mara moja na kulifanya kwa mikono yake mara tano, angejua kwamba klorini ya asilimia 5 inahitaji mafungu tisa ya maji, na kwamba chembechembe za asilimia 70 ni hesabu nyingine inayopimwa kwa mizani, wala si kwa kikombe. Hiyo ndiyo Kemia ninayoizungumzia katika barua hii. Siiombi kwa ajili ya kupamba vyeti.

Kosa hilo hilo hujitokeza katika mambo mazito zaidi ya sakafu na vifaa. Lignokeini, ile dawa ya ganzi, ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, kwa sababu asilimia moja katika myeyusho ni gramu moja ndani ya mililita 100. Kila mwaka ninapouliza swali hili katika wiki ya kwanza, jibu ninalolipata kwa wingi ni miligramu 2. Adrenalini iliyoandikwa 1:1,000, yaani gramu moja ndani ya mililita 1,000, ina miligramu moja kwa mililita, na ile iliyoandikwa 1:10,000 ina sehemu ya kumi tu ya nguvu hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi asiyejua uwiano huo una maana gani huamini kwamba iliyo na namba kubwa ndiyo kali. Mtoto aliyeshuka sukari anahitaji glukosi ya asilimia 10 wakati kabatini ipo ya asilimia 50, na muuguzi wa zamu anapaswa kujua, bila kumtafuta mtu wa kumuuliza, kwamba fungu moja la glukosi hiyo huzimuliwa kwa mafungu manne ya maji salama ya sindano. Kloridi ya potasiamu iliyokolea haichomwi moja kwa moja mshipani, na anayeelewa ukolezi ni nini hahitaji kutishwa ndipo akumbuke.

Sasa tuwatazame vijana wenyewe. Sifa ya kuingia katika kozi nyingi za afya kwa ngazi hii ni kufaulu Kemia na Biolojia kwa angalau alama D, pamoja na Fizikia kwa baadhi ya kozi. Katika mtihani wa kidato cha nne, D inaanzia alama 30 na kuishia 44. Kwa hiyo, kwa utaratibu wetu wenyewe, tunampokea kijana ambaye huenda hakuweza kujibu sehemu mbili ya tatu ya maswali aliyoulizwa, kisha tunamfundisha kana kwamba anajua yote. Ninapozungumza nao mmoja mmoja jioni, simulizi zao zinafanana. Yupo aliyekaa miaka miwili bila mwalimu wa Kemia, akifundishwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita na kujitolea kwa posho ya wazazi. Yupo aliyeshika bureti, lile bomba la kioo la kupimia vimiminika, kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo. Serikali ya Awamu ya Nne ilihimiza ujenzi wa maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, na wananchi walichanga kweli kweli, mifuko ya saruji na nguvu kazi. Nimeingia katika baadhi ya maabara hizo nikifuatilia wanafunzi wangu wa mazoezi ya afya shuleni. Majengo yapo. Katika mojawapo niliyaona masinki yasiyo na maji yakiwa yamejazwa madaftari ya zamani, na chupa tatu za kemikali zisizo na lebo.

Kijana aliyetoka katika shule ya namna hiyo akapata D amefanya kazi kubwa, na mimi namheshimu. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema dawa ya tatizo hili ni kupandisha sifa za kuingia hadi C. Tukifanya hivyo tutakuwa tumewafungia mlango watoto wa shule za pembezoni kwa kosa la shule zao, na hao ndio wanaokubali kupangiwa zahanati isiyo na umeme na wakakaa. Taifa likishampokea kijana huyu kwa sifa ililoiweka lenyewe, linakuwa na deni kwake, nalo ni Kemia ambayo hakupewa.

Kinachofanyika sasa ni kidogo mno. Katika vyuo nilivyofanya kazi, wiki moja au mbili za mwanzo huitwa za utambulisho, na huishia katika kulipa ada, kushonesha sare, kusomewa kanuni na kuonyeshwa mabweni. Baada ya hapo mwanafunzi anakutana na fiziolojia, bayokemia, famakolojia na utayarishaji wa dawa kwa mkupuo. Mkufunzi wa famakolojia hudhani kwamba maana ya miligramu kwa mililita ilishafundishwa sekondari, na mwalimu wa sekondari naye alidhani itafundishwa chuoni. Mwanafunzi anafanya ambacho mtu yeyote angefanya, yaani anakariri, na kwa kukariri anafaulu, kwa sababu mitihani yetu mingi inapimika kwa kukariri.

Muda upo, Waheshimiwa. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba, matokeo hutoka mwezi Januari, na vyuo vingi vya afya hupokea wanafunzi kati ya Septemba na Oktoba. Katika miezi hiyo yote kijana anayesubiri chuo anauza duka la mjomba, anaendesha bodaboda au anasaidia shamba, huku kile kidogo alichokijua kikipungua. Mwenzake anayekwenda kidato cha tano, ikiwa wazazi wana uwezo, hupelekwa kwenye vituo vya masomo ya kujiandaa na kidato hicho, kwa sababu mtaani kila mtu anajua kwamba hatua ile ni ndefu. Hatua ya kutoka kidato cha nne kwenda chuo cha afya si fupi kuliko ile, lakini hakuna aliyeiandalia daraja.

Wazo hili si geni nchini kwetu. Wanafunzi wa kidato cha kwanza hupewa wiki kadhaa za kozi ya awali ili wavuke kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza cha sekondari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuendesha programu ya maandalizi kwa wasichana waliokosa kwa alama chache kuingia fani za sayansi, nao wakaingia na kusoma. Afrika Kusini hufadhili kwa fedha za umma programu za mtaala uliorefushwa katika vyuo vikuu vyake, na nchini Marekani vyuo vingi vya jamii huwa na somo la Kemia ya maandalizi kwa asiye na msingi wa sayansi, ambalo hulisoma kabla ya Kemia yenyewe. Ngazi ya cheti cha afya, ambapo makosa ya hesabu huishia ndani ya mwili wa mtu, ndiyo iliyoachwa bila maandalizi.

Kuhusu yanayopaswa kufundishwa katika wiki hizo kumi nina msimamo ambao nimeufikia kwa kukosea. Mwanzoni, katika vipindi vya jioni ninavyowafundisha kwa hiari yangu, niliwarudisha wanafunzi kwenye muhtasari wa sekondari tangu ukurasa wa kwanza: historia ya atomi, mizingo ya elektroni, jedwali la elementi. Ilipofika wiki ya nne waliweza kuchora atomi ya kalisi yenye elektroni zake ishirini, na bado hawakuweza kuniambia kuna gramu ngapi za chumvi katika drip ya nusu lita ya asilimia 0.9. Tangu hapo nimegeuza mpangilio. Naanza na vizio, desimali na vipeo vya kumi, kwa sababu wengi wanaodhaniwa kushindwa Kemia kwa kweli wameshindwa kuhamisha nukta. Nafuata na myeyusho, ukolezi na kuzimua. Atomi na ayoni zinakuja baada ya hapo, wakati mwanafunzi tayari ana swali ambalo zinalijibu, kisha asidi na besi, kisha oksidisho na rediksheni. Kemia ya kaboni naiacha mwishoni, na humo nachukua tu yale makundi ambayo atayaona kwenye majina ya dawa.

Moli ndiyo inayowatisha kuliko yote, na ni kwa sababu hufundishwa kama fomula kabla ya kufundishwa kama hesabu ya vitu. Mimi huingia darasani na trei mbili za mayai, moja ya kuku na moja ya kware. Kila trei ina mayai 30, lakini mkononi zina uzito tofauti kabisa. Moli ni neno la idadi kama trei, isipokuwa idadi yake ni kubwa isiyowazika, 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23, na uzito wake hutegemea ni moli ya kitu gani. Wakishacheka na kuelewa, nawagawia kila mmoja pakiti ya ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji anayonyweshwa mtu anayeharisha, ambayo hakuna mtoto wa Kitanzania asiyeijua. Nyuma yake imeandikwa: glukosi gramu 13.5, kloridi ya sodiamu gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, sitrati ya sodiamu gramu 2.9, kwa lita moja ya maji. Glukosi ina gramu 180 kwa moli, hivyo 13.5 gawanya kwa 180 ni moli 0.075, yaani milimoli 75. Sodiamu ya kwenye chumvi ni milimoli 44, na ya kwenye sitrati, ambayo kila moli yake ina sodiamu tatu, ni karibu 30, na jumla yake inakaribia zile zile 75. Sijawahi kuwa na darasa ambalo halikunyamaza lilipofika hapo. Glukosi na sodiamu zimewekwa kwa idadi iliyo sawa, japo kwa gramu zinaonekana kupishana mno, kwa sababu ukutani mwa utumbo kuna protini inayoziingiza pamoja na maji yakafuata. Pakiti ile waliyoinywa utotoni inakuwa ushahidi kwamba moli ina kazi, na mwanafunzi aliyeniambia asubuhi kwamba yeye "si mtu wa sayansi" huwa ndiye anayebaki nyuma akiikokotoa potasiamu peke yake.

Gharama isiwe kisingizio cha kukosa vitendo. Manjano ya jikoni hubadilika kuwa mekundu yakikutana na besi, na mama yeyote aliyewahi kupaka sabuni doa la pilau ya manjano ameyaona hayo. Juisi ya rosela hukolea wekundu ikitiwa ndimu na kugeuka kijani ikitiwa magadi. Bomba la sindano la mililita 10, ambalo chuo cha afya hakikosi, hupima vizuri vya kutosha kufanyia titresheni ya siki na soda, yaani kupima ni soda kiasi gani inayomaliza ukali wa siki. Tunachokikosa kweli ni mizani nzuri, moja kwa kila wanafunzi sita, na hiyo naiomba bila haya, kwa sababu mtu asiyewahi kupima gramu moja hawezi kuiheshimu.

Lipo suala la lugha, na naliandika nikijua lina mabishano yake. Mwanafunzi wetu alisoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akapokea Kemia yote kwa Kiingereza asichokijua vizuri, na chuoni tunaendelea vivyo hivyo. Siombi tubadili lugha ya mitihani kesho. Naomba kozi hii ya maandalizi iruhusiwe rasmi kufundishwa kwa lugha zote mbili, istilahi ya Kiingereza ubaoni na maelezo kwa Kiswahili, badala ya wakufunzi kufanya hivyo kwa kujificha wakaguzi wanapokuwa mbali. Istilahi tunazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Na yako maneno ambayo Kiswahili cha nyumbani kinayaeleza vizuri kuliko kitabu: nikisema chai imekolea sukari, kisha nikasema maziwa yamezimuliwa kwa maji, somo la ukolezi limeshaeleweka nusu yake kabla sijaandika fomula.

Najua maswali mtakayouliza, na la kwanza ni nani atalipa. Ikiwa wiki kumi hizi zitaachiwa vyuo vizitoze kama ada ya ziada, watakaozikosa ni wale wale wanaozihitaji, hivyo naomba zihesabiwe ndani ya kalenda rasmi ya masomo. Zikiwa ndani ya kalenda, zitafikiriwa pia na Bodi ya Mikopo, ambayo tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imeanza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wa afya wakiwemo. Swali la pili ni la wakufunzi. Mikoani wapo wahitimu wa shahada za ualimu wa Kemia wanaosubiri ajira. Mkataba wa wiki kumi kila mwaka, ukitanguliwa na mafunzo mafupi ya hesabu za dawa, ungewapa wao kazi na sisi walimu.

Kuhusu mtihani nimebadili mawazo. Zamani niliona kozi ya namna hii isiwe na mtihani ili isiwatishe. Nimeona matokeo yake katika vipindi vyangu vya jioni: isiyopimwa huhudhuriwa na wasioihitaji. Napendekeza liwepo jaribio siku ya kwanza, na atakayelifaulu aruhusiwe kuruka kozi, kisha jaribio la mwisho ambalo matokeo yake yaandikwe kwenye rekodi ya mwanafunzi bila kuingizwa katika wastani wake. Katika sehemu moja tu, ile ya vizio na kuzimua, asiyefikia kiwango arudie hadi akifikie kabla ya kuruhusiwa kugusa dawa wodini, na chuo ndicho kibebe wajibu wa kumrudishia somo, siyo yeye kufukuzwa.

Kwa hiyo kwa NACTVET naomba mwongozo unaozitambua wiki hizi kumi kama sehemu ya ngazi ya nne, na mtaala mmoja mfupi kwa vyuo vyote vya afya. Kwa Wizara ya Afya naomba mizani, na agizo kwamba mwanafunzi asipelekwe wodini kabla ya jaribio la kuzimua. Kwa Wizara ya Elimu naomba ruhusa ya lugha mbili iandikwe kwenye karatasi. Kwa wakuu wenzetu wa vyuo, ambao hamhitaji kusubiri waraka wowote, naomba wiki zile mbili za utambulisho za muhula ujao zigawanywe: asubuhi iwe ya Kemia, na sare zishonwe mchana.

Mazoezi ninayoyatumia jioni za Jumatano, kurasa kama themanini za lugha zote mbili pamoja na majibu yake, nimeyaandika kwa miaka yote hii na si ya kuuzwa. Atakayeteuliwa kuandaa mtaala atayapata siku atakayoyaomba, na nitakuwa tayari kusafiri kwa nauli yangu kuja kuyaeleza. Wanafunzi wapya tunawatarajia kabla ya mwisho wa Septemba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi, chuo cha afya, Kanda ya Ziwa